Majani ya miwa hulipa, lakini si mwaka huu

Kila jioni nishukapo matatu katika Barabara ya Jogoo, si mbali na stesheni ya reli ya Makadara, humkuta kijana mmoja na mkokoteni wake wa miwa. Huimenya kwa kisu kirefu, akaikata vipande, akawauzia wapita njia. Miwa hiyo ni mibichi. Sidhani kama kuna mkazi wa Jericho au wa Mbotela atakayetoa pesa zake kununua muwa unaonuka moshi. Lakini sukari ile tuitiayo katika chai bila kuuliza asili yake, kwa miaka mingi sehemu kubwa yake duniani imetokana na miwa iliyotiwa moto kwanza, ikiwa bado imesimama shambani.

Sababu za kuchoma zinaeleweka. Moto huondoa majani makavu yanayokata ngozi ya mkataji, hufukuza nyoka, na huharakisha kazi. Wanaolipwa kwa tani hawawezi kulaumiwa wakiupenda. Hasara zake nazo zinajulikana: muwa uliochomwa huanza kupoteza sukari upesi, na usipofikishwa kiwandani katika siku moja au mbili mkulima huwa amepeleka kuni. Tena yale majani yanapoungua, naitrojeni iliyomo, karibu yote, hupaa angani pamoja na moshi.

Msomaji huenda akashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mashamba ya miwa. Nami nakiri kwamba nisingeingia humo kama si kosa langu mwenyewe, kosa la tafsiri.

Shemeji yangu ana ekari mbili za miwa upande wa Muhoroni. Mapema mwaka 2022 aliniletea hapa Makadara kipeperushi cha kurasa nne alichopewa, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kikimshauri avune bila kuchoma na ayaache majani yatandae shambani. Aliniomba nimtafsirie. Nilifanya kazi ile usiku mmoja, kwa majivuno ya mtu mwenye shahada ya uzamifu. Sentensi moja ilisema kwamba majani hayo huurudishia udongo naitrojeni, kwa hiyo mbolea inaweza kupunguzwa, kisha ikamalizia kwa maneno ya kuonyesha kuwa hayo hutokea baada ya muda mrefu. Maneno hayo ya mwisho niliyaacha. Niliyaona ni pambo la waandishi wa ripoti, nami huwafundisha wanafunzi wangu kwamba Kiswahili fasaha hakipendi maneno ya ziada. Nikaandika: "Majani yataurudishia udongo naitrojeni, basi punguza mbolea."

Walimu wenzangu wa lugha wataliona tatizo mara moja. Kiambishi cha wakati ujao, -ta-, hakisemi ni lini. Yatarudisha: kesho? Mwakani? Baada ya miaka kumi? Shemeji alielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Mwaka huo ndio bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 ilipopita shilingi 6,000 nchini, na ushauri wa kupunguza mbolea ulimjia kama habari njema. Alipokuwa akitia mifuko minne ya urea, akatia miwili, akaimwaga juu ya zulia la majani. Machipukizi yakatoka ya manjano. Jirani yake, aliyechoma, alikuwa na miwa ya kijani kibichi.

"Shemeji," aliniambia kwa simu, "wewe ni msomi, lakini kiberiti kimekushinda."

Ilinibidi nisome upya, safari hii si kwa ajili ya sarufi. Jambo lenyewe si gumu, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifuata. Majani makavu ya miwa yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Kwa kila sehemu moja ya naitrojeni kuna sehemu 70 au zaidi za kaboni. Bakteria na kuvu wanaoyaozesha hawawezi kuishi kwa mlo huo. Ili waoze majani bila kupungukiwa, wanahitaji chakula chenye sehemu 25 hivi za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Upungufu huo huujaza kwa kuichukua naitrojeni iliyomo udongoni, yaani ile ile ambayo mkulima ameinunulia muwa wake. Haikupotea; imo miilini mwao, na wakifa itaachiliwa. Lakini kwa miezi ya mwanzo muwa mchanga unashindana na umati wenye njaa kuliko wenyewe.

Akina mama wa mitaa yetu ya Eastlands wataufahamu mpango huu kuliko maprofesa, kwa kuwa ni chama. Unachanga kwanza, mwezi baada ya mwezi, na zamu yako ya kupokea haijafika. Anayejitoa katika mzunguko wa kwanza ataapa kwamba chama ni wizi.

Kosa la pili lilikuwa ni mahali pa kuiweka urea, na hili nalo sikulieleza. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Majani ya miwa yana kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia, na umande wa asubuhi unatosha kuianzisha kazi hiyo. Amonia ni gesi. Ikifanyika udongoni hunaswa. Ikifanyika juu ya majani huruka. Vipimo vilivyofanywa Queensland, Australia, vilionyesha kwamba thuluthi au hata zaidi ya naitrojeni iliyomwagwa juu ya majani inaweza kupotea hivyo. Wanafunzi na wapige hesabu: thuluthi ya kilo 23 ni kilo saba na nusu na ushei kwa kila mfuko. Hata kwa bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 iliyotangazwa mwaka 2023, hizo ni zaidi ya shilingi 800 zilizopeperushwa. Mgala muue na haki yake umpe: urea si mbaya. Inataka kufukiwa sentimita saba hadi kumi, kando ya shina, chini ya majani. Asiye na nguvu za kufukia anaweza kuyapanga majani katika nafasi moja ya mistari na kuiacha inayofuata wazi, mbolea ikatiwa hapo palipo wazi. Au atumie CAN, ambayo haipotei upesi kwa njia hii.

Je, huyo jirani mwenye kiberiti? Kijani cha miwa yake ni cha kweli, lakini ni cha muda. Majivu humpa potasiamu, udongo ulio wazi hupata joto, wala hapana anayeshindana na mmea wake. Anakula akiba. Huko Mount Edgecombe, Afrika Kusini, kuna jaribio lililoanzishwa mwaka 1939 na kuendelea kwa vizazi vya watafiti, sehemu moja ikichomwa na nyingine ikiachiwa majani yake. Palipoachwa majani udongo una mboji zaidi. Watafiti wa Australia nao walikadiria kwamba udongo huchukua miongo kadhaa kufikia kiwango kipya cha naitrojeni. Huo ndio "muda mrefu" nilioukata kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo ushauri sahihi una hatua mbili, na lugha yake lazima ibebe zote mbili. Miaka ya mwanzo, usipunguze; fukia. Baadaye, ukishapima udongo, punguza kidogo kidogo. Tofauti ya hatua hizo imo katika kielezi cha wakati, neno ambalo wanafunzi hulipachika mwisho wa sentensi wakikumbuka, na ambalo sisi wasahihishaji hulipa nusu alama.

Niongeze jambo moja kuhusu msamiati. Kiingereza cha viwanda vya sukari huyaita majani hayo kwa jina la takataka. Nami katika tafsiri yangu ya kwanza niliandika "taka za miwa". Nani atatunza taka? Taka huchomwa; tunaziona zikichomwa hapa Makadara kila Jumamosi, harufu yake ikituingia madirishani. Kiswahili kina neno matandazo, kutokana na kutandaza, neno safi linaloeleza mahali pa kitu na kazi yake. Somo la kilimo shuleni hufunzwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana mwanafunzi aliyepata alama ya juu hurudi kwao Awendo au Mumias asiweze kumweleza babake alichojifunza bila kubabaika. Lawama hiyo sijitoi.

Katika mavuno yaliyofuata nilikwenda mwenyewe. Shemeji hakukubali kuniachia ekari zote mbili. Moja aliichoma, nyingine akaitandazia, na urea tukaifukia kwa jembe, mifuko miwili kila ekari, mikono yangu ya chaki ikitoka malengelenge. Mapema mwaka 2025 alivuna. Ekari ya matandazo haikuishinda ile nyingine. Zilikuwa sawa.

"Sawa si kushinda," alisema.

Nikamwambia kwamba sawa, katika mzunguko wa kwanza, si haba, kwa kuwa majani bado yamo ardhini na moja kati ya ekari zake mbili inadai. Akanitazama, akakunja ile tafsiri mpya niliyompelekea, ambayo sasa ina kurasa sita badala ya nne, akaonyesha kwa kidole neno nililolirudisha.

"Hii hatimaye yako, Mwalimu, ni mwaka gani?"

Tumekubaliana kupima udongo wa ekari zote mbili kila baada ya mavuno, gharama tukigawana.