Mzigo wa kompyuta husomwa kwa siku nyingi

Kompyuta inayotumiwa na watu wengi inapokuwa nzito, wengi husema: «Imezeeka, inunuliwe nyingine.» Kabla ya kutoa pesa ya kitivo, inafaa kwanza kuchunguza mashine imebeba nini.

Katika mfumo wa Linux, amri ya *uptime* hutoa namba tatu: wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Mzigo hapa ni hesabu ya kazi zinazotendeka pamoja na zile zinazongoja zamu. Tufikirie mahali penye mabomba 4 ya maji. Wakija watu 4, kila mmoja anachota. Wakija 8, wanne wanapanga foleni. Vivyo hivyo, mzigo wa 4 kwenye prosesa yenye viini 4 hauna shida, lakini kwenye kiini kimoja ni msongamano. Tukisoma 6, 3, 1, mzigo unapanda. 1, 3, 6, unashuka.

Kuna mtego. Linux huhesabu pia kazi zinazongoja diski. Kwa hiyo mzigo unaweza kuwa mkubwa huku prosesa imekaa bure. Wanafunzi wanaponukuu rekodi ndefu za sauti, huenda kinachochelewesha ni diski, au kumbukumbu iliyojaa hadi mashine inaazima nafasi kwenye diski. Prosesa mpya haitasaidia.

Mwanaisimu hajengi sarufi juu ya sentensi moja aliyoisikia sokoni, hukusanya data. Kwa kompyuta, kazi hiyo hufanywa na programu ya *sysstat*. Kwa kawaida huandika kila dakika 10 hali ya prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao, yaani mara 144 kwa siku, na amri ya *sar* huisoma. Umeme ukikatika, namba za *uptime* huanza upya, lakini yaliyokwisha kuandikwa kwenye diski hubaki.

Baada ya majuma machache, sura ya tatizo hujitokeza. Mzigo ukipanda saa zilezile tu, kupanga ratiba kunaweza kutosha. Kumbukumbu ya programu moja ikiongezeka kila siku bila kushuka mpaka ifungwe, kasoro huenda iko katika programu hiyo. Prosesa ikijaa kutwa nzima, juma baada ya juma, hapo ndipo ununuzi una hoja.

Uandikaji huo uanze mashine ikiwa bado nzima. Bila kujua hali yake ya kawaida, hatutakuwa na cha kulinganisha siku itakapougua.