Ahadi hainunui mchele



Hakuna ofisi wala mtaa katika jiji la Dar es Salaam usiopitiwa na kadi za mchango wa harusi. Zamani kadi ililetwa mkononi, na mtu mwerevu aliweza kutokea mlango wa nyuma. Siku hizi unatiwa katika kundi la WhatsApp, ahadi za wenzako zimepangwa kwa majina, na mbele ya jina lako pameachwa wazi.

Leo sitasema kama harusi kubwa ni jambo jema au baya. Hilo limekwisha semwa sana, na aghalabu anayelisema huonekana Jumamosi inayofuata amekaa meza ya mbele. Ninalotaka kueleza ni kwa nini bajeti ya harusi, hata ikiandikwa na watu wazima wenye akili zao, hupungukiwa, na upungufu huo humwangukia nani.

Nalisema hili nikiwa na ushahidi mkononi. Mwaka 2019 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Daftari ninalo mpaka leo. Ukurasa wa mbele una bajeti yetu, imepigiwa mistari kwa rula. Ukurasa wa nyuma kabisa una mambo ambayo hatukuyaandika mbele, na huo ndio ukurasa nitakaousoma zaidi.

Tulipanga watu 250. Chakula, sahani moja shilingi 18,000, kikawa milioni 4 na nusu. Vinywaji, shilingi 10,000 kwa mtu, milioni 2 na nusu. Ukumbi milioni 2 na nusu. Mapambo milioni 1 na nusu. Picha na video milioni 1, muziki na mshereheshaji milioni 1, kadi na magari milioni 1, keki laki 5. Jumla milioni 14 na nusu. Tukaongeza laki 5 za dharura ili hesabu ikae vizuri kwenye milioni 15, tukajiona watu makini sana.

Ahadi zilipojumlishwa zilifika milioni 16 na laki 2. Mwenyekiti akasimama, wajumbe wakapiga makofi. Katibu akapendekeza tuongeze matarumbeta, na likapita bila kupingwa.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo tulipokosea kwanza. Tulizisoma ahadi kana kwamba ni fedha. Ahadi hutolewa kikaoni, mbele ya watu, na hakuna anayetaka kutaja kidogo wakati jirani yake ametaja laki. Lakini mwenye mchele hapokei ahadi. Siku moja kabla ya harusi nilikuwa nimeshika milioni 11 na laki 3 tu. Waliosalia hawakuwa wezi wala waongo. Wengine walikuwa na mgonjwa, wengine ada ya shule, na wengi waliniambia neno moja: mshahara bado. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi tarehe 24 Agosti. Watu wanaoishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi, sisi tukawapangia siku ambayo mifuko yao imekwisha kabisa! Tungeisogeza wiki mbili mbele tungekusanya zaidi kutoka kwa watu wale wale, bila kumsumbua mtu. Tarehe ile ilichaguliwa kwa kuwa ukumbi ulikuwa na nafasi.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Milioni 15 kwa watu 250 ni shilingi 60,000 kila kichwa. Kadi yetu ya mtu mmoja, ile inayoitwa singo, ilikuwa shilingi 50,000, na ya watu wawili, dabo, 80,000. Maana yake mwenye singo alikalia kiti kilichopungua shilingi 10,000, na wenye dabo walikalia viwili vilivyopungua 40,000. Pengo lilitegemea wajomba na marafiki wachache walioahidi laki 3 na laki 5. Mmoja wao akichelewa, meza nzima inakosa.

Kuna wanaodhani dawa ni kuongeza waalikwa ili michango iongezeke. Tazama inavyokwenda. Ukumbi na mapambo hayaongezeki bei kwa mgeni mmoja, kwa hiyo aliyelipa 50,000 akala na kunywa 28,000 amekuachia 22,000. Lakini aliyeahidi, hakulipa, na akaja, amekupunguzia 28,000. Mmoja wa namna hiyo anamfuta mmoja aliyelipa, na bado unadaiwa. Na kumzuia mlangoni huwezi. Ni shemeji yako.

Sasa nafungua ukurasa wa nyuma.

Ukumbi tuliambiwa milioni 2 na nusu. Ankara ilipokuja ilisoma 2,950,000. Ile 450,000 ilikuwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, na kijana wa pale alituonyesha kwa heshima kabisa maandishi madogo chini ya karatasi ya bei. Hatukudanganywa. Hatukuuliza. Umeme ulikatika saa 3 usiku, tukagundua kuwa jenereta ni la ukumbi lakini mafuta ni ya mwenye sherehe: 150,000. Mkataba uliisha saa 6 usiku, na saa 6 mshereheshaji alikuwa ndiyo kwanza anaziita familia kutoa zawadi. Saa moja ya ziada, 200,000.

Kisha sahani. Tulipanga 250, mama mpishi akatuandikia 291. Nilitaka kubisha. Akanikalisha, akanihesabia. Wapiga matarumbeta 9. Watu wa muziki 4, wa picha 4, madereva 5, mshereheshaji na msaidizi wake 2. Hao ni 24, wamekuwa kazini tangu mchana, na hakuna aliyewaandika popote. Wengine 17 walikuwa watoto waliokuja na mama zao na watu waliofuatana na wenye kadi. "Baba," akaniambia, "mie sihesabu kadi, nahesabu sahani." Sahani 41 kwa 18,000 ni 738,000. Tangu siku ile, nikisikia kamati inasema wageni 250, mimi naandika sahani 290.

Soda na bia zilichukuliwa kwa muuzaji wa jumla kwa masharti ya kurudisha chupa na makreti. Usiku wa harusi hakuna mtu anayelinda chupa tupu. Watoto huzichukua, nyingine huvunjika, nyingine huondoka na magari. Tulilipia makreti 8, shilingi 96,000. Ni jambo la kuteua kijana mmoja tu asiyekunywa, na kumwambia kazi yake ni chupa.

Wachangiaji wapatao 64 walituma kwa simu shilingi 50,000 kamili, bila ya kutolea. Kwa wastani wa shilingi 2,000 kila mmoja, 128,000 zilibaki kwa mawakala na makampuni ya simu. Sikuwalaumu, maana na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Na la mwisho katika ukurasa huo ni wazee. Wazee 9 walitoka Mbeya. Walikuja kwa nauli zao, kwa furaha, na mzigo wa mchele na maharage. Jumatatu asubuhi walivaa makoti yao wakakaa sebuleni kimya. Dada yangu aliniita jikoni: "Kaka, hao hawana nauli ya kurudi." Sasa utamfanyaje mzee aliyekuja kumwombea dua mjukuu wake? Tulitoa 40,000 kwa kila mmoja, jumla 360,000. Mtu wa bara aliyeletwa mjini kwa harusi huja kwa nauli ya kwenda. Iandikeni ya kurudi mapema.

Ukurasa wote wa nyuma una jumla ya shilingi 2,122,000. Zile laki 5 za dharura zilimezwa na kodi ya ukumbi karibu zote, kabla hata sherehe haijaanza.

Nayo si yote, kwa sababu kuna gharama ambayo hata nyuma ya daftari haikuingia. Ni nyumba ya dada yangu. Kwa siku 8 alilaza watu 23. Sukari, mkaa, mkate wa asubuhi, unga, maji ya kununua, sabuni. Hakudai senti, na hakuna mjumbe aliyemuuliza. Nilijua baadaye kwamba alikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Upande wa bibi harusi nao walikuwa na sherehe yao ya kumuaga binti, na kicheni pati kabla yake, kila moja na kadi zake na sare zake za kitambaa. Mtu aliye ndugu wa karibu huweza kuchangia harusi moja mara tatu na kushona nguo mbili.

Msidhani haya ni mambo ya kizazi hiki peke yake. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa mwaka 1903, kinaeleza harusi za pwani, na ndani yake mna malipo madogo madogo ya jamaa na wahudumu, mbali na mahari yenyewe. Wazee wa pwani bado wanayajua: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango. Tofauti ni kwamba malipo yale yalikuwa na majina. Mposaji aliyajua tangu siku ya kwanza, akajipanga. Mafuta ya jenereta hayana jina la heshima, kwa hiyo hakuna mshenga anayeyataja.

Sheria yenyewe haidai makubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, mfungishaji ndoa mwenye ruhusa, na mashahidi wasiopungua wawili. Hata mahari, kifungu cha 41 kinasema kutolipwa kwake hakuitengui ndoa. Mengine tunajitakia wenyewe, nami siyaoni kuwa dhambi. Mtu anaoa, jamaa wanataka kucheza. Lakini tunachojitakia tukihesabu chote.

Sasa nani alilipa? Matumizi yalifika 16,622,000 na fedha iliyokusanywa ilikuwa 11,300,000. Pengo, 5,322,000. Mpwa wangu alikuwa na akiba ya milioni 3: kodi ya nyumba ya miezi 6, kitanda, na jiko la gesi. Usiku wa Ijumaa aliniletea katika bahasha. Alisema, "Mjomba, chukua, nitarudishiwa michango ikiingia." Niliichukua. Hilo ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote katika daftari hili, kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa na nilijua namna michango inavyoingia baada ya harusi. Iliingia 410,000.

Wiki mbili baadaye kamati ilikutana kuvunjwa. Tulikula pilau, tukashukuriana, mwenyekiti akatangaza kazi imekwisha. Deni lililobaki lilikuwa 1,912,000, na mikataba ya mpishi na ya mapambo ilikuwa na jina moja tu, la bwana harusi. Kamati haina anwani. Maharusi walianza maisha katika chumba cha nyuma kwa kaka yake, wakapokea simu za wadai asubuhi na jioni.

Kwa hiyo, wewe uliyeteuliwa mweka hazina mwaka huu, nakuomba ufanye machache. Bajeti iandikwe kwa theluthi mbili za ahadi, si zaidi, na kinachozidi kitumike kikiwa mkononi. Weka siku ya kufunga michango wiki mbili kabla ya harusi, na siku hiyo idadi ya sahani ipangwe kwa fedha iliyopo, hata kama mwenyekiti atanuna. Ukumbini uliza bei pamoja na kodi, mafuta, muda wa mwisho, na kama kuna tozo ya kuingiza vinywaji vyenu, kisha yaandikwe kwenye mkataba. Dharura iwe sehemu moja kwa kumi ya bajeti. Na ile akiba ya maharusi ya kodi na kitanda usiijue kabisa. Ikiletwa kwa bahasha usiku wa Ijumaa, irudishe, na upunguze matarumbeta.

Mpwa wangu alimaliza kulipa mwezi Machi 2020. Wakahamia chumba na sebule. Mdogo wake wa kike naye sasa amevishwa pete, na juma lililopita alikuja nyumbani kuniomba daftari alitazame. Nilimpa. Akaanza kusoma ukurasa wa mbele, nikamwambia, mwanangu, geuza, anzia nyuma.