Siri ya Mtoto, Amana ya Kambi



Usiku wa pili wa kambi yetu ya vijana, Disemba iliyopita, binti mmoja alishikwa na kifafa bwenini. Wenziwe walikimbia wakidhani amepandwa na shetani, na msimamizi wao hakujua la kufanya mpaka muuguzi alipofika akamlaza kwa ubavu. Alhamdulillahi, alizindukana salama. Asubuhi mamake alikiri kwetu kwamba aliuficha ugonjwa huo kwenye fomu kwa makusudi. Mwaka uliotangulia aliziona fomu zikipita mkono hadi mkono, akachelea binti yake asije akawa hadithi ya mtaa.

Hatukuwa na la kumjibu, kwani kosa lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo, kamati yetu na vijana waliosomea kompyuta tumekuwa tukijenga mfumo wa wavuti wa kuendeshea kambi. Kabla ya kuandika programu yoyote, tuliketi na kina mama, mpishi, muuguzi na walinzi, tukaulizana: nani anahitaji kujua nini? Mpishi ajue ni nani asiyeweza kula karanga. Mlinzi wa lango ajue aliyeruhusiwa kumchukua mtoto. Msimamizi ajue hali za watoto wa bweni lake tu, na namna ya kuwasaidia. Muuguzi peke yake ndiye aonaye habari zote za afya. Na yeyote afunguaye ukurasa wa mtoto, jina lake na saa huandikwa.

Wazo hili si geni. Vyama vya vijana vya Uswisi hutumia hitobito, programu ya wavuti ambayo msimbo wake uko wazi kwa atakaye kuusoma na kuutumia. Humo, mtu huona habari kulingana na kikundi chake na wadhifa wake. Tulijifunza kwao, ila tulihitaji mfumo unaojua mambo yetu: watoto wengi wa majina yanayofanana, na ada inayolipwa kwa M-Pesa kutoka simu ya shangazi. Kwa hiyo kila mtoto hupewa nambari yake, na malipo hufuata nambari hiyo.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na habari za afya imezihesabu kuwa nyeti. Hivyo ukurasa wa kwanza wa fomu ni wa idhini, na kambi ikiisha, habari za afya zitafutwa.

Mtandao hukatika na stima hupotea. Basi kila jioni muuguzi atachapisha karatasi ya kila bweni, na msimamizi ataiweka ndani ya bahasha iliyofungwa, karibu na kitanda chake.

Kabla ya usajili kufunguliwa, tunawaomba kina mama mje mjaribu mfumo huu na kutuonyesha penye kasoro. Mama wa binti yule amekubali kuwa wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.