Jicho Juu ya Mizani: Raha ya Kusoma Juzuu 14

Riwaya ya fantasia, yaani bunilizi inayojengwa juu ya ulimwengu wa kubuni wenye nchi, mila na kanuni zake za uchawi, aghalabu haienei katika kitabu kimoja, na ndiyo maana waandishi wa utanzu huu huigawa katika juzuu zinazofuatana. Miongoni mwa kazi ndefu zaidi za aina hiyo ni The Wheel of Time ya Mmarekani Robert Jordan, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1990 na ya 14 mwaka 2013, ikiwa na jumla ya maneno yanayozidi milioni nne.

Raha anayoipata msomaji humo haiishii kwenye taharuki, yaani ile hamu ya kujua kitakachojiri, kwa kuwa taharuki hukatika mara tu jambo linapojulikana, ilhali katika kazi ndefu hamu hiyo hushikana na kumbukumbu. Katika juzuu ya kwanza, Min, msichana mwenye kipawa cha kuona picha zinazowazunguka watu, anataja alichokiona kwa kijana Mat Cauthon, na kimojawapo ni jicho lililowekwa juu ya mizani. Maneno hayo hupita haraka, tena katikati ya mengine mengi, na msomaji hana namna ya kujua uzito wake mpaka afike juzuu ya 13, iliyochapishwa miaka 20 baadaye, ambamo Mat analitoa jicho lake liwe fidia ya kumwokoa mwenzake. Hapo aliyekumbuka husisimka mwili mzima, akaiteremsha juzuu ya kwanza kutoka rafuni na kuutafuta ukurasa ule. Na furaha hiyo hakuna muhtasari unaoweza kumpa mtu.

Kila juzuu, sura yake ya kwanza hufunguka kwa maneno yale yale kuhusu upepo unaovuma, na aliyezama katika kisa huyapokea kama hadhira ya ngano inavyoipokea “Paukwa!” kwa “Pakawa!”

Si kwamba mwendo wote ni mtamu. Juzuu ya 10 inazorota, kwani sehemu yake kubwa inarudi kueleza wahusika mbalimbali walikuwa wapi wakati wa tukio kuu lililoifunga juzuu ya 9, na wasomaji walioilalamikia walikuwa na haki.

Jordan alifariki mwezi Septemba 2007 kwa amiloidosisi, ugonjwa ambao protini zisizo za kawaida hujilundika katika viungo vya mwili, naye alikuwa hajamaliza. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimkabidhi kazi hiyo Brandon Sanderson, mwandishi aliyeanza kuzisoma juzuu hizo tangu ujana wake, na kile kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu. Kwa hiyo aliyeimaliza hadithi alikuwa kwanza msomaji aliyeingoja kama wenzake. Hata hivyo, tukio la mwisho kabisa Jordan alikuwa amekwisha kuliandika mwenyewe kabla ya kufa, na msomaji anayefika hapo, baada ya kusindikizwa na Sanderson kwa juzuu tatu, hukutana tena na mkono uleule uliomfungulia ukurasa wa kwanza.