Mkutubi wa tiba: Usiyemwona hospitalini, lakini kazi yake inakulinda

Moshi. Mama anayeshuka na daladala kutoka Machame au Marangu kumpeleka mwanawe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC hukutana na watu wengi: wa mapokezi, muuguzi, daktari na mtaalamu wa maabara. Huenda pia akaombwa ridhaa ili mtoto ashiriki katika utafiti.

Mtu mmoja hatamwona, ingawa kazi yake inaweza kuchangia usalama wa utafiti huo. Huyo ni mkutubi wa tiba.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Chuo chake cha tiba kilianza mwaka 1997, na taasisi ya utafiti ya KCRI ipo hapohapo. Mahali ambapo wagonjwa, wanafunzi na watafiti wanakutana hivyo, maktaba haiwezi kuwa chumba cha kujisomea tu.

Zamani mkutubi alijulikana kwa kugonga mihuri, kuazimisha vitabu na kuhimiza ukimya. Majarida ya tiba yalikuwa ghali, na vyuo vingi vya Afrika havikuyamudu. Mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani (WHO) na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida hayo kwenye intaneti bure au kwa gharama nafuu.

Tatizo likageuka. Badala ya kukosa cha kusoma, watafiti wakazidiwa. PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, pekee ina taarifa za machapisho zaidi ya milioni 35. Anayeandika neno "malaria" tu anazama. Mkutubi humsaidia kulibana swali: wagonjwa wa aina gani, tiba ipi, inalinganishwa na nini, na matokeo yapi yanatafutwa.

Kosa lililogharimu uhai

Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana kwa uchungu mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Ellen Roche, fundi wa maabara mwenye umri wa miaka 24 na afya njema, alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Alivuta dawa iitwayo hexamethonium, mapafu yakaharibika, akafariki dunia.

Ilibainika kuwa makala za miaka ya 1950 zilikwishaihusisha dawa hiyo na madhara ya mapafu. PubMed wakati huo ilianzia mwaka 1966, hivyo mtafiti aliyeitegemea pamoja na vitabu vichache hakuziona. Onyo lilikuwepo, lakini halikufikiwa.

Tangu hapo hoja ya kumshirikisha mkutubi tangu mwanzo wa utafiti imepata nguvu. Katika tafiti zinazokusanya na kupima ushahidi wote wa tiba fulani, baadhi ya wakutubi sasa huandikwa miongoni mwa waandishi.

Kazi nyingine ni kuwaepusha watafiti na majarida ya kitapeli, yanayotoza fedha na kuchapisha chochote bila kukihakiki. Sasa imeongezeka akili mnemba, ambayo wakati mwingine hutaja makala zisizokuwepo kabisa. Mkutubi humfundisha mwanafunzi kuitafuta kila rejea na kuifungua kabla ya kuiamini.

Familia ifanye nini?

Mzazi mwenye kijana anayesomea udaktari au uuguzi amhimize kumwona mkutubi kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, si wiki ya kukabidhi kazi.

Anayeombwa kushiriki utafiti asione aibu kuuliza: "Dawa hii imewahi kutumika wapi? Ina madhara gani yanayojulikana? Utafiti umepata kibali cha maadili?" Ana haki ya kukataa, au kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu.

Mtafiti aliyejiandaa vizuri hatakwazwa na maswali hayo. Majibu yake atakuwa ameshayatafuta, pengine akiwa ameketi na mkutubi.