Sarina Satomi

Sarina Satomi (kwa Kijapani: 里見紗李奈; alizaliwa Yachimata, mkoa wa Chiba, 9 Aprili 1998) ni mchezaji wa mpira wa vinyoya, yaani badminton, kutoka nchini Japani. Hucheza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, katika daraja la WH1. Ameshinda medali ya dhahabu ya wanawake mmoja mmoja katika Michezo ya Paralimpiki mara mbili mfululizo: Tokyo 2020 na Paris 2024.

Maisha ya awali

Satomi aliufahamu mchezo huu tangu akiwa msichana mdogo, kwa kuwa aliucheza katika kikundi cha shule. Mwezi Mei 2016, akiwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, alipata ajali ya barabarani iliyojeruhi uti wake wa mgongo. Tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Baba yake ndiye aliyemhimiza ajaribu mpira wa vinyoya wa watu wenye ulemavu, na mwaka 2017 alianza mazoezi. Kushika raketi halikuwa jambo geni kwake. Jambo geni lilikuwa kuendesha kiti na kupiga kwa wakati mmoja, kwa mikono ileile miwili.

Jinsi mchezo unavyochezwa

Matokeo yake hayaeleweki vizuri bila kujua kanuni. Wavu haushushwi: una kimo kilekile cha wachezaji wanaosimama, mita 1.524 katikati. Raketi na kinyoya ni vilevile pia, na mshindi ni yule anayetangulia kupata seti mbili za pointi 21. Kilichobadilishwa ni eneo. Sehemu iliyo kati ya wavu na mstari wa mbele wa kuanzishia, ambao uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu, haitumiki. Kinyoya kikiangukia humo kimetoka nje. Tena katika mchezo wa mmoja mmoja uwanja hugawanywa kwa urefu, ikatumika nusu moja tu, kwa sababu kiti huenda mbele na kurudi nyuma lakini hakiwezi kuruka kando kama miguu.

Hivyo kila mchezaji hulinda ukanda mwembamba wenye urefu wa mita 4.72. Mtazamaji mgeni hudhani kazi imekuwa nyepesi, lakini sivyo. Kinyoya kikirushwa juu hadi mstari wa nyuma, mchezaji husukuma magurudumu kurudi nyuma huku macho yake yakiwa juu, kisha hulalia mgongo wa kiti ili akifikie. Kanuni inataka kiwiliwili kiguse kiti wakati wa kupiga, kwa hiyo hakuna kujiinua. Gurudumu dogo la nyuma huzuia kiti kisipinduke. Akisharudisha, mpinzani anaweza kukidondosha mbele kabisa, na safari huanza upya.

Katika daraja la WH1 wamo wale ambao ulemavu umegusa miguu yote miwili pamoja na kiwiliwili. Wale wa WH2 wana nguvu zaidi ya kiwiliwili. Ndiyo maana kuinama na kujinyoosha tena, jambo ambalo sisi wengine hatulifikirii, ni sehemu ya ustadi wenyewe. Satomi anajulikana kwa uwezo wake wa kuendesha kiti na uvumilivu katika mapigano marefu.

Mafanikio

Mwaka 2019 alitwaa ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja mjini Basel, Uswisi, miaka miwili tu baada ya kuanza.

Michezo ya Tokyo, iliyoahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, ilikuwa ya kwanza kuuingiza mpira wa vinyoya katika Paralimpiki. Katika fainali Satomi alikutana na Sujirat Pookkham wa Thailand. Alipoteza seti ya kwanza 14–21, akaponea chupuchupu katika ya pili 21–19, kisha akamaliza 21–13. Akishirikiana na Yuma Yamazaki wa daraja la WH2 alipata dhahabu nyingine katika mchezo wa wawili wawili, ambao hutumia upana wote wa uwanja. Waliwashinda Liu Yutong na Yin Menglu wa China 16–21, 21–16, 21–13. Hapo pia seti ya kwanza ilikuwa imepotea.

Mjini Paris mwaka 2024 fainali ya mmoja mmoja ilikuwa marudio ya ile ya Tokyo: wapinzani walewale, na Pookkham akatangulia tena, safari hii kwa 21–18. Satomi alichukua seti ya pili 21–13. Ya tatu ilikuwa ngumu zaidi kuliko ile ya Tokyo, lakini alishinda 21–18 na kutetea taji lake. Anayetazama medali peke yake angedhani Satomi amemzidi Mthailandi huyo kwa mbali. Pointi zenyewe zinaonyesha kwamba tofauti yao ni ndogo sana. Katika mchezo wa wawili wawili, Satomi na Yamazaki walipata medali ya shaba.