Siri ya Chotara Iko kwa Wazazi

Mfugaji wa kuku wa kienyeji ananunua jogoo wa kuchi, mrefu, mwenye kifua kipana na miguu minene, anamwachia matetea wake wa kawaida uani. Vifaranga wa kwanza wanampa furaha: wanakua kwa pamoja, hawafi hovyo, na wakifika miezi mitano kila mmoja anajaza mkono. Mfugaji anamchinja jogoo mzee, anawauza matetea wa zamani, anabaki na chotara wazaliane wenyewe. Msimu unaofuata banda limejaa mchanganyiko: huyu mrefu, yule mfupi, huyu amekonda, yule kafa wiki ya pili. Lawama inaangukia chakula, au kijicho cha jirani. Kumbe kosa lilifanyika siku ile alipowaondoa wazazi.

Kila kifaranga hurithi jeni kwa jozi: moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Mwanamke akijifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, tundu la kanga ya chini halionekani, maana limezibwa na ile ya juu. Jeni nazo hufanya hivyo. Nyingi zilizo dhaifu hazidhuru maadamu ya pili katika jozi ni nzima. Lakini kuku wakizaliana wao kwa wao kwa miaka mingi katika uwanja mmoja, kanga zenye tundu mahali pale pale huanza kukutana, na udhaifu hujitokeza. Jogoo atokaye mbali naye ana matundu yake, ila yako mahali pengine. Akipandana na tetea wa hapa, kila mmoja huziba upungufu wa mwenzake. Ndiyo maana chotara wa kwanza hung'ara.

Nguvu hiyo huitwa heterosisi. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, George Shull, aliieleza kwa mahindi mwaka 1908, na ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1914. Mkulima wa mahindi chotara anaijua kanuni yake kwa vitendo: punje za mavuno hazirudishwi shambani kama mbegu, kwa sababu msimu wa pili shamba hutoka na mahindi yasiyolingana. Chotara wakipandana wao kwa wao, kanga zote hurudi kapuni na kuchukuliwa mbili mbili bila kuchagua. Baadhi ya vifaranga hupata mbili zenye tundu mahali pale pale. Kwa hesabu ya kawaida, takriban nusu ya ile nguvu ya ziada hupotea katika kizazi cha pili. Mtu asiyerudisha mahindi chotara shambani hana sababu ya kurudisha kuku chotara bandani.

Hata hivyo, anayetafuta nyama ajue kwamba heterosisi haigawi zawadi zake sawasawa. Husaidia zaidi uhai wa vifaranga, utagaji na uwezo wa mayai kuanguliwa. Uzito wa mwili huinuka kidogo tu kwa njia hiyo. Uzito hurithiwa moja kwa moja zaidi, mzazi mzito akizaa watoto wazito. Basi uhai tuutafute kwa kuchanganya, na uzito tuutafute kwa kuchagua wazazi.

Nguvu ya kuchagua imepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kulea pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957, wa mwaka 1978 na kuku wa nyama wa mwaka 2005. Wote walilishwa chakula cha aina moja. Walipofikisha siku 56, wale wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti hiyo ililetwa na miongo ya kupima, kuchagua na kupandisha.

Lakini kuku wa gramu 4,202 anataka chakula kamili kila siku na banda lenye uangalizi. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na kweli kuchakura ni urithi. Kadiri mbegu inavyochaguliwa kwa kula na kulala, ndivyo urithi huo unavyofifia. Kwa kuku wa uani, mama abaki wa kienyeji: anajua kuatamia, kutafuta wadudu na kukimbia mwewe. Baba ndiye alete mwili. Kuchi anafaa, kwani jogoo wake huwazidi wengi wa kienyeji kwa urefu na uzito, ingawa ni mgomvi na hakubali jogoo mwingine karibu. Majogoo wa Sasso na Kuroiler pia huleta mwili, ila kumbuka kwamba wenyewe ni chotara waliotengenezwa kwa mistari kadhaa ya wazazi. Watoto wao hawatalingana sana.

Penye joto kali kama mwambao, usimdharau kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni. Jeni moja ndiyo inayomfanya hivyo, na hurithiwa waziwazi: akiipata kwa mzazi mmoja tu, shingo huonyesha, na manyoya ya mwili mzima hupungua. Joto hutoka mwilini kwa urahisi, naye huendelea kula wakati wenzake wamepanua mabawa wakihema.

Kazi yenyewe inataka mabanda mawili na daftari moja. Banda la kwanza liwe la kienyeji safi, majogoo na matetea wao, wasioguswa na damu ya aina nyingine. La pili liwe la kuzalisha chotara: jogoo mmoja wa nje kwa matetea 8 hadi 10. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuangulisha, kwa sababu tetea huhifadhi mbegu za jogoo wa awali mwilini kwa wiki mbili hadi tatu. Jogoo mgeni akae peke yake kwanza kwa wiki mbili, na wote wachanjwe dhidi ya kideri, maana hakuna uchotara unaozuia ugonjwa huo.

Kila kifaranga avishwe pete mguuni, apimwe kwa mizani akiwa na wiki 8, kisha wiki 16. Macho hudanganywa na manyoya na urefu wa miguu. Wale wazito katika banda la kienyeji ndio wabaki kuwa wazazi. Wengi wetu huchinja mkubwa kwanza sikukuu ikifika, na kuacha wadogo wazae. Huko nako ni kuchagua, ila kwa kurudi nyuma.

Jogoo wa banda hilo la kienyeji naye asiwe mmoja. Jogoo mmoja na matetea 10 wakizaliana bila damu mpya, undugu katika kundi huongezeka kwa karibu asilimia 14 kila kizazi. Weka majogoo watatu kwa matetea hao hao, ongezeko linashuka hadi takriban asilimia 5. Kubadilishana majogoo na mfugaji wa kijiji cha pili hakugharimu chochote, na hulilinda kundi dhidi ya undugu huo.

Chotara wa banda la pili wote ni wa sufuria na wa soko. Waliwe bila majuto. Matetea ambao yule mfugaji aliwauza kwa kuwaona wadogo ndio waliokuwa nusu ya kila kuku aliyemfurahisha. Angewabakiza bandani pamoja na jogoo wao, msimu wa pili ungekuwa kama wa kwanza.